Kwa nini ndege wa aina mbalimbali hula pamoja kwenye matope ya pwani?

Swali limetoka kwa msomaji anayeongoza wageni kwenye mkono wa bahari wa Mida, kaunti ya Kilifi: "Maji yakikupwa naona aina saba au nane za ndege kwenye tope moja, wakubwa kwa wadogo, wanakula bila kugombana. Mmoja akiruka, wote wanaruka. Wageni huniuliza kama wale wakubwa ni walinzi wa wadogo. Niwajibu nini? Na je, lile ni kundi kweli au wamekutana tu?"

Ndugu yangu, nianze na sehemu ya mwisho, maana ukiijua hiyo mengine yanafunguka. Maji yanapoanza kupwa, karibu kila unachokiona mbele yako ni msongamano. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu hufika mita 3 hadi 4, na maji yakiwa juu wengi wa ndege hawa hawana pa kula. Husimama kwenye mafungu ya mchanga, na wengine kama sululu (Numenius phaeopus) na kile kitwitwi chenye mdomo uliopinda kwenda juu (Xenus cinereus) hupanda juu ya mikoko. Ukanda wa kwanza wa tope ukitokea una upana wa hatua chache tu, na wote huushukia kwa mpigo. Hapo wamekutana kama abiria wa matatu: kila mmoja na safari yake, gari ndilo limewaweka pamoja.

Kundi lenyewe utalijua baadaye. Subiri saa mbili au tatu, tope likiwa wazi hadi mbali, kisha uangalie nani ametawanyika na nani amebaki na wenzake ilhali nafasi ipo tele. Kitwitwi wa kijivu (Pluvialis squatarola) atakuwa amejitenga, mmoja hapa, mwingine mita 30 au 50 kutoka kwake. Lakini Calidris ferruginea, yule mdogo mwenye mdomo mrefu ulioinama kidogo, bado atakuwa amebanana na wenzake, na katikati yao utamwona Calidris minuta, mdogo kuliko wote hapo, uzito wake gramu 20 hadi 30 tu. Hawa hawakulazimishwa na nafasi. Wanakaa pamoja kwa sababu kuna faida wanayoipata, na faida hiyo imewazidi hasara.

Hasara ndiyo tuitazame kwanza, kwa sababu wageni wako wanashangaa hakuna ugomvi. Ugomvi ni mdogo kwa kuwa meza yao ni ya ghorofa. Mdomo wa Calidris minuta una urefu wa milimita 18 hivi, kwa hiyo anaokota vilivyo juu ya tope na vilivyojificha chini kidogo tu. Wa Calidris ferruginea ni sentimita 4 hivi. Wa sululu mdogo ni sentimita 6 hadi 9, na umepinda kiasi cha kuingia kwenye shimo la kaa lililopinda. Sululu mkubwa (Numenius arquata), ambaye huonekana kwa uchache zaidi, ana mdomo wa sentimita 10 hadi 15, na jike humzidi dume. Mnyoo aliyejichimbia sentimita 8 hayupo kabisa kwenye dunia ya yule mdogo. Wanaweza kutembea bega kwa bega siku nzima bila mmoja kumnyang'anya mwenzake hata punje.

Ila urefu wa mdomo peke yake hauelezi kwa nini wengine hubanana na wengine hutawanyika. Kinachoamua hapo ni namna wanavyotafuta, kwa macho au kwa kugusa, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote.

Vitwitwi wa jamii ya Charadriidae wana macho makubwa na mdomo mfupi. Mtazame mmoja kwa dakika moja: anakimbia hatua chache, anasimama ghafla kama amegandishwa, anatazama, halafu anadona au anakimbia tena. Anasubiri kitu kitikisike juu ya tope, mkia wa mnyoo unaochungulia, kaa mdogo anayetoka shimoni. Ndege 20 wakipita hapo wakikanyaga na kuchoma, minyoo hurudi ndani na kaa hujificha, na kwa dakika kadhaa eneo hilo kwake ni jangwa. Jirani yeyote aliye karibu anamharibia kazi, awe wa aina yake au la. Ndiyo maana hujitenga.

Jamii ya Calidris hufanya kazi nyingine kabisa. Ncha ya mdomo ina vijishimo kwenye mfupa vilivyojaa viungo vidogo vya kuhisi mgandamizo na mtikisiko. Kwa Calidris canutus, anayeishi majira ya baridi kwenye fukwe za Ulaya, imeonyeshwa kuwa anaweza kutambua kombe lililotulia tuli ndani ya mchanga mbichi bila kuligusa: mdomo unapochoma unasukuma maji yaliyo kati ya chembe za mchanga, na kitu kigumu kikiwepo karibu msukumo huo hubadilika. Ndege wa namna hii hupoteza kidogo tu akiwa na jirani, maana mnyoo aliyerudi chini bado anafikika. Hivyo hubanana.

Kuna ndege mmoja anayethibitisha jambo hili vizuri, Tringa totanus, aliyechunguzwa sana kwenye milango ya mito ya Scotland. Mchana, anapotafuta kwa macho, hutawanyika. Usiku, anapolazimika kutafuta kwa kugusa, ndege walewale hukusanyika karibu karibu. Kilichobadilika ni njia ya kutafuta chakula, na nafasi kati yao ikabadilika nayo.

Sasa faida. Kubwa kuliko zote ni kinga dhidi ya kozi (Falco peregrinus) na ndege wengine wawindaji. Hesabu yake ni rahisi, nawe unaweza kuwafanyia wageni palepale. Chukua ndege anayeinua kichwa kutazama kwa asilimia 20 ya muda wake. Akiwa peke yake, kwa asilimia 80 ya muda hakuna anayetazama. Wakiwa 10, kila mmoja akitazama kwa wakati wake bila kupangana, uwezekano wa kwamba wote 10 wameinama kwa pamoja hushuka hadi asilimia 11 hivi. Wakiwa 20 wanaweza kila mmoja kupunguza kutazama kwa nusu, yaani asilimia 10 tu ya muda, na ulinzi ukabaki karibu uleule: uwezekano wa wote kuinama ni asilimia 12. Nusu hiyo ya muda iliyookolewa inaenda kwenye kula. Kwa ndege anayepaswa kunenepa kabla ya kurudi Siberia mwezi wa Aprili, huo ni muda wa thamani kubwa.

Juu ya hapo kuna kugawana hatari. Kozi hukamata mmoja kwa shambulio, na mara nyingi hakamati yeyote. Katika kundi la 200, sehemu yako ya hatari ni moja kwa 200. Tena kundi linaloruka na kugeuka kwa pamoja humchanganya mwindaji asijue amlenge nani. Hatari yenyewe si ya kubuni: kwenye wangwa wa Bolinas huko California, majira moja ya baridi ya miaka ya 1970, ndege wawindaji walikula kama moja ya tano ya Calidris alpina, ndugu wa Calidris ferruginea, wote waliokuwepo, na waliokuwa peke yao au kwenye vikundi vidogo ndio walioumia zaidi.

Utauliza, kama idadi ndiyo inayolinda, kwa nini wasikae na wa aina yao tu? Kwanza, huenda hawatoshi. Aina iliyo na ndege 6 tu kwenye tope zima haiwezi kutengeneza kundi la 100 bila kujiunga na wengine. Pili, adui mkubwa wa chakula chako ni yule mwenye mdomo kama wako. Ukijiunga na wenye midomo tofauti unapata macho yao na idadi yao, huku chakula chako hakipungui sana. Kwa maneno ya sokoni, ni ulinzi wa bei nafuu.

Una kikomo chake, hata hivyo. Ndege anayetofautiana na wenzake huonekana upesi, na kozi humlenga yeye. Tazama kundi likiruka: chini lilikuwa mchanganyiko, lakini likiwa hewani kwa sekunde chache tu wadogo wanakuwa na wadogo, wakubwa na wakubwa. Kasi ya mabawa na namna ya kugeuka hazilingani, na asiyelingana na kundi hubaki nje. Hata wakiwa chini, mchanganyiko huwa na tabaka. Calidris minuta hukaa na Calidris ferruginea kuliko anavyokaa na sululu.

Tukija kwa swali la wageni wako: wakubwa si walinzi kwa maana ya kuajiriwa. Hakuna anayepiga zamu kwa ajili ya mwingine. Lakini ni kweli kwamba wadogo hunufaika nao. Ndege mrefu ameinua kichwa sentimita 30 au 40 juu ya tope na anaona mbali, na aliye mwoga zaidi hupiga kelele mapema. Pale Mida wenye kelele za kuaminika ni sululu, na Tringa nebularia mwenye filimbi kali za tatu tatu. Sauti hizo kila aina inazielewa. Huko Norway, Calidris alpina wanaofuatana na Pluvialis apricaria, ndugu wa kitwitwi wa kijivu, wameonekana kuchelewa kuruka mtu anapokaribia, wakimwachia mwenzao kazi ya kuhofu. Yule anayefuatwa hapati malipo yoyote yanayoonekana. Kwa hiyo wajibu wageni kwamba wadogo wanasikiliza mazungumzo yasiyowahusu na kufaidika nayo.

Faida nyingine ni habari za chakula. Tope linaonekana sawa kote, lakini minyoo na kome wamejaa sehemu moja na sehemu ya jirani hakuna kitu. Ndege anayepita juu akiona wengine wameinamisha vichwa na wanadona haraka, anashuka hapo badala ya kupima mwenyewe hatua kwa hatua. Na kuna wachache wanaonufaika moja kwa moja na vurugu za wengine. Tringa nebularia wakikimbiza samaki wadogo na uduvi kwenye maji ya kifundo cha mguu, utawaona ndege wa jamii ya yangeyange wakijipenyeza pembeni kuokota wanaotoroka.

Wezi nao wapo. Shakwe huiba, na wizi wake una kanuni: huiba kinachochukua muda kumezwa. Kwenye malisho ya Uingereza shakwe husimama kati ya ndege wa jamii ya vitwitwi na kumkimbilia yeyote aliyevuta mnyoo mrefu, naye mwenye mnyoo hujifunza kuchagua wadogo wanaomezwa mara moja. Shakwe haohao, kwa kuwa ni waangalifu, huwastua wengine mapema mwindaji akija, kwa hiyo kodi inayolipwa kwa minyoo inarudi kidogo kwa njia ya usalama. Kwetu, anayepaswa kuogopa zaidi ni mwenye kaa mkubwa. Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi ambaye wageni wengi hufika Mida kwa ajili yake, hulazimika kumvunja kaa kabla ya kumeza. Wao huwa pamoja zaidi na wa aina yao, na hata wakiwa huku kwetu, mbali na makoloni ya Ghuba, Bahari ya Shamu na Bahari ya Arabuni walikozaliwa kwenye mashimo ya mchanga, bado utaona kijana wa kijivujivu akimfuata mzazi kuomba chakula.

Ili usifikiri kundi ni tabia isiyobadilika, mchukue tena kitwitwi wa kijivu. Kwenye mlango wa mto Tees, Uingereza, baadhi yao hushika kipande cha tope na kukilinda majira yote ya baridi, huku wengine wa aina hiyohiyo wakizunguka bila mipaka. Na Calidris alba wa Bodega Bay, California, waliokuwa na mipaka yao ufukweni, waliiacha na kukusanyika makundi pale mwindaji mdogo Falco columbarius alipoweka makao hapo. Chakula kikilindika na mwindaji akiwa hayupo, ndege hujitenga. Mwindaji akija, mipaka inakufa.

Sasa namna ya kuyaona haya mwenyewe. Tumia jedwali la maji la Kilindini. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi. Saa za kupwa ni nzuri kwa kupima nani ametawanyika, lakini ndege wako mbali na baada ya saa 4 joto huifanya hewa icheze ndani ya darubini, hutambui mdomo wala mguu. Kwa wageni, wakati bora ni kati ya saa 8 mchana na saa 10 jioni: maji yanapanda, yanawasukuma ndege kuja kwako, na wewe hutembei. Siku za maji mafu, yaani za maji madogo kati ya bamvua mbili, saa hizi hazifai, na tope linalofunguka ni dogo.

Chagua ndege mmoja, umhesabu kwa sekunde 60: ameinua kichwa mara ngapi, amedona mara ngapi. Fanya hivyo kwa ndege 10 wa aina moja walio katikati ya kundi, na 10 walio pembeni. Wa pembeni kwa kawaida huinua vichwa zaidi. Umbali kati ya majirani usiupime kwa mita. Ukadirie kwa urefu wa mwili wa ndege mwenyewe, ni rahisi na makosa ni machache. Kama kila kichwa kimeinuka, acha. Hapo unapima hofu yao juu yako.

Kuhesabu kundi mseto kuna mtego wake. Hesabu kwanza jumla kwa mafungu ya 10, kisha tafuta uwiano wa aina. Tuseme jumla ni 600, nawe umechukua mitazamo mitatu ya darubini yenye ndege 50 kila mmoja, ukapata Calidris ferruginea 31, 27 na 35. Hao ni 93 kati ya 150, asilimia 62, yaani karibu 370 kwa kundi zima. Wengi hukosea kwa kuchukua mitazamo yote mitatu ukingoni mwa maji. Ndege wanaopumzika hujipanga kwa urefu wa miguu, warefu majini, wafupi mchangani, kwa hiyo mtazamo mmoja uwe majini, mmoja katikati, mmoja pakavu. Takwimu za namna hii hutumika kwenye sensa ya ndege wa majini inayofanyika barani Afrika kila Januari.

Kuhusu kuwakaribia: kwa kawaida ndege mkubwa huruka mtu akiwa mbali bado, na mdogo huvumilia hadi awe karibu. Katika kundi mseto, basi, umbali wa kundi zima unaamuliwa na aliye mwoga kuliko wote, kwa kawaida sululu. Usimtazame yule mdogo aliye karibu nawe na kudhani mambo ni shwari. Sululu akinyoosha shingo na kuacha kula, simamisha wageni. Akianza kutembea kwenda mbali, rudini hatua 10 na mkae kimya dakika 5. Machi na Aprili ongezeni umbali huo, maana ndege anayejaza mafuta ya safari ya Siberia akirushwa mara tatu kwa maji mamoja anachoma alichokula, na hana siku za kukifidia.